Hiace ya shemeji: kutoka yadi za Dar hadi ng'ambo ya Ruvuma

Nauza spea za magari Masasi mjini. Haupiti mwezi bila mtu kusimama mbele ya kaunta yangu na kuniuliza: nina ndugu Msumbiji anataka kununua gari Dar, analivushaje? Miaka yote nilijibu kwa mambo ya kusikia. Julai 2024 nilikwenda mwenyewe na shemeji yangu, tangu yadi hadi mtoni. Haya nimeyapanga upya kutoka kurasa za nyuma za daftari langu la madeni na picha zilizo kwenye simu.

Mdogo wangu wa kike ameolewa Mueda, mkoa wa Cabo Delgado kaskazini mwa Msumbiji, tangu 2011. Mumewe anaendesha chapa, ndivyo wanavyoziita daladala kule. Kutoka Mueda hadi Maputo ni zaidi ya kilomita 2,000, kwa hiyo mtu wa Mueda anayetafuta gari huitazama Dar kwanza. Magari ni yale yale ya Japani, usukani uko kulia, na wao wanaendesha kushoto kama sisi. Vita vya Cabo Delgado vilipoanza Oktoba 2017, safari za dada kuja Masasi zikawa za kuhesabu. Chapa ya mumewe ilipokufa injini, zikakoma kabisa. Mama alikuwa hajamwona binti yake kwa miaka minne.

Jumanne, 2 Julai. Masasi

Shemeji aliingia magharibi, nyusi zimekuwa nyekundu kwa vumbi. Alitoka Mueda Jumatatu alfajiri, akalala Negomano, asubuhi akavuka mto Ruvuma kwa Daraja la Umoja. Mama anaishi kwangu. Shemeji hakuingia ndani mpaka alipoitwa; alichuchumaa barazani, akatoa shikamoo akiwa ametazama chini, kama mkwe. Mama alimuuliza swali moja tu: "Mwanangu amenenepa au amekonda?"

Alikuwa na dola 9,000 taslimu. Nyingine 3,000 alikuwa anamdai mfanyabiashara wa Dar aliyemuuzia ufuta. Mnaokuja na fedha mkononi, mjue kwamba ukifikisha dola 10,000 unatakiwa kutoa tamko mpakani. Toa. Hulipii kitu, na fedha iliyotamkwa haina maswali njiani.

Jumatano, 3 Julai. Masasi hadi Dar

Basi la saa 12 asubuhi, nauli 38,000 kila mtu. Sehemu kubwa nililala. Niliamshwa na foleni ya Barabara ya Kilwa, maana ilikuwa wiki ya Sabasaba na watu walikuwa wanamiminika viwanjani. Zile njia za zege za mwendokasi zilikuwa zimekamilika na tupu katikati ya barabara, na sisi pembeni hatusogei. Tulishukia Mbagala Rangi Tatu, tukalala kwa binamu yangu Charambe.

Alhamisi na Ijumaa, 4 na 5 Julai. Yadini

Siku mbili tuliangalia Hiace kumi na moja. Hapa nieleze taratibu, kwa sababu ndipo fedha inapopotelea.

Shemeji alitaka ya dizeli inayovuta magurudumu yote manne, kwa sababu kutoka Negomano kwenda Mueda ni zaidi ya kilomita 150, na sehemu zenye vumbi masika zinakuwa tope. Hiace za namna hiyo Japani hutumika zaidi sehemu za theluji. Huko barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hula chuma cha chini. Juu gari linang'aa kama jipya, chini limeoza. Kwa hiyo nilinunua kadibodi ya friji kwa fundi wa jirani, elfu mbili, nikawa naitandika na kulala chini ya kila gari nikiwa na bisibisi. Unagonga chesisi kwa mpini wake. Chuma kizima kinaita, ngwe, sauti inarudi mkononi. Kilicholiwa kinajibu kama kopo la maziwa. Gari la tano, zuri kuliko yote kwa macho, bisibisi ilizama hadi nusu karibu na gurudumu la nyuma. Muuzaji alinitazama, na mimi nikamtazama, tukaendelea na la sita.

Jambo la pili ni kufika asubuhi kabla hawajawasha. Gusa injini. Ikiwa ya moto wakati yadi ndiyo kwanza inafunguliwa, kuna kitu wanaficha, maana dizeli iliyochoka hugoma kuwaka ikiwa baridi. Tuliyoichukua iliwaka kwa ufunguo wa kwanza, ikatoa moshi mweupe kidogo, ukaisha. Rangi nyeupe, injini ya lita 3, kilomita 268,000 kwenye dashibodi, namba ya chesisi inaanza na KDH206. Walianza dola 12,400, tukamaliza 11,600.

Bei hiyo ni ya gari la bondi, yaani limeingia nchini lakini kodi ya Tanzania haijalipwa. Mtanzania akilinunua analipa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa, VAT asilimia 18 na tozo nyingine. Anayelitoa nje halipi hizo, ila wakala wa forodha anaweka dhamana kwamba gari litatoka nchini kwa njia iliyoandikwa. Lisipotoka, kodi yote inadaiwa. Ndiyo maana magari haya yana vibao vya IT, yaani gari linalopita tu nchini, na hayaruhusiwi kubeba abiria wa kulipa, ingawa wapo madereva wanaofanya hivyo kila siku.

Jumamosi 6 hadi Jumatano 10 Julai. Makaratasi

Siku tano za kukaa kwenye mabenchi. Jumapili ilikuwa sikukuu ya Sabasaba, Jumatatu mtandao ukawa chini mpaka alasiri. Wakala wetu alichukua shilingi 780,000, ndani yake dhamana, vibao vya IT, bima na T1, ile karatasi ya gari linalopita nchini. Dereva wa IT, kijana wa Tandika, tulikubaliana 250,000 pamoja na nauli yake ya kurudi.

Jumatano saa 10 jioni tukapewa funguo. Nilisoma T1 nikiwa nimesimama, jua limenipiga usoni: jina la shemeji sawa, namba ya pasipoti sawa, mpaka wa kutokea Mtambaswala, sawa. Nikaikunja. Namba ya chesisi nilipitisha jicho tu. Mtaona.

Alhamisi, 11 Julai. Dar hadi Lindi

Tuliondoka saa 11 alfajiri. Kuanzia Mbagala hadi Vikindu watu walikuwa wanatupungia, wakiona Hiace tupu wanajua nafasi zipo. Dereva alinitazama mara mbili, akasema, "Kaka, hapa mpaka Kibiti tunarudisha hela ya mafuta." Nikamwambia gari la watu lina dhamana ya watu. Hakunung'unika, na kuanzia hapo tulielewana. Trafiki walitusimamisha mara nne hadi Kibiti, na kila mara walichungulia viti vya nyuma kwanza, kisha wakaomba karatasi. Viti vilikuwa vitupu, mazungumzo yakawa mafupi. Vijijini mwendo ni kilomita 50, na tochi ya kupima mwendo hukaa mahali usipotarajia, hasa ukishuka mteremko wa kuingia kijijini. Faini ni 30,000 kwa kosa.

Daraja la Mkapa tulivuka saa tatu na nusu, jua limetanda juu ya Rufiji. Nilimwomba dereva apunguze mwendo. Nilipokuwa mtoto hapa palikuwa na pantoni ya Ndundu, na masika tuliwahi kulala ndani ya basi siku mbili tukisubiri maji yashuke, mama akitugawia mihogo ya kuchemsha. Daraja lilifunguliwa 2003, mita 970, na sasa unalimaliza kabla hujamaliza sentensi. Shemeji alihesabu taa zake zote kwa sauti.

Baada ya Nyamwage barabara ilianza kutukumbusha mwezi Mei. Kimbunga Hidaya kilipopiga pwani hii mwanzoni mwa Mei 2024, mvua zilikata barabara maeneo ya Somanga na Matandu, kusini yote ikatengana na Dar. Miezi miwili baadaye tulikuta michepuko ya kifusi, mitambo ya njano pembeni, na makalavati mapya bado yana mbao. Malori yalikuwa yanapishana kwa zamu, kijana mmoja anashika kitambaa chekundu. Tulisimama dakika 40. Wakati ule gari la chini lilifaa kupita hapo mchana.

Somanga tulikula. Samaki wa kukaanga, changu mzima mwenye ndimu na pilipili, 8,000, na pweza wa vijiti wa elfu mbili mbili. Mama aliyetuuzia alimsikia shemeji akizungumza, akauliza Kiswahili hicho ni cha wapi. Alipoambiwa Mueda akasema, "Basi umekuja mbali kwa kipande cha chuma," akamwongezea pweza wawili wa bure.

Nangurukuru, Mbwemkuru, Mchinga, sina la kuandika, lami na msitu. Lindi tulifika saa 11 jioni. Magari ya IT yasitembee usiku kama mnaweza kuepuka. Huku kusini ng'ombe na giza ni kitu kimoja. Gesti 20,000 chumba, uzio mzuri, mlinzi anayekesha kweli. Shemeji alikataa chumba. Alilala ndani ya gari, na usiku nilipotoka nje nilimwona kupitia kioo amejinyoosha kiti cha nyuma, mkono mmoja umeshika kiti cha mbele.

Ijumaa, 12 Julai. Lindi hadi Masasi

Tulipita Mnazi Mmoja, tukaiacha njia ya Mtwara, tukakamata ya Masasi. Baada ya Mtama, kabla ya Nyangao, gari likaanza kukosa nguvu, na taa ya njano ya chujio la dizeli ikawaka. Najua taa hiyo. Gari lililokaa yadini muda mrefu tangi lake hufanya maji, na maji yakifika kwenye chujio injini inalia kama mtu mwenye pumu. Dawa ni kulegeza koki ya chini ya chujio na kuyatoa. Mimi, muuza spea, nilikuwa sina hata spana moja ndani ya gari.

Tulikuwa katikati ya mashamba ya korosho, na Julai ndio msimu wa kupulizia salfa. Mzee mmoja alitoka kwenye mikorosho akiwa na bomba la kupulizia mgongoni, shati, ndevu na kope zote zimekuwa njano kwa unga. Hakuuliza tunatoka wapi. Alitua bomba, akafungua kimfuko cha ngozi kilichofungwa kwenye mkanda wake, akatoa spana tatu na koleo. "Bomba hili linanifia kila siku," akasema, "kwa hiyo natembea na hospitali yake." Spana ya pili ilikaa. Tuliyamwaga maji kwenye chupa aliyoileta mjukuu wake, na yeye akaiinua juani tuone: maji chini, dizeli juu, mpaka katikati umenyooka kama mstari wa rula. Tulipiga pampu ya mkono hadi ikakaza, gari likawaka. Nilimpa elfu kumi akaisukuma. Alichotaka ni picha mbele ya gari, na nilimtumia kwa simu ya mjukuu jioni ile ile. Ninapoandika haya naiangalia: gari jeupe, mzee wa njano.

Nanganga, penye njia ya Ruangwa na Nachingwea, shemeji aliomba tusimame. Baba yake alifundishwa uaskari na FRELIMO, waliopigania uhuru wa Msumbiji, kambini Nachingwea mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Kiswahili cha nyumbani kwao kilianzia hapo. Alitazama ile barabara kama dakika mbili, akapanda, tukaondoka.

Masasi saa nane mchana. Mama alikuwa amekwisha kukaa mlangoni na kanga mpya. Aliomba mlango wa kuvuta ufunguliwe, akapanda mwenyewe bila kushikwa, akaketi kiti cha kwanza nyuma ya dereva. Alipapasa kitambaa cha kiti kwa kiganja, akabonyeza sponji kwa vidole, akauliza, "Naye atakaa hapa?" Shemeji akasema, "Hapo hapo, mama." Akakaa kama robo saa, hakuna aliyemwambia ashuke.

Jioni alileta ndoo ya kijani yenye mfuniko, chini korosho zilizobanguliwa, juu ming'oko, vile viazi vya porini, aliyoichimbisha kwa watoto wa jirani. Mueda wanaijua ming'oko, lakini alisema ya Masasi ina utamu wake.

Jumamosi, 13 Julai. Masasi hadi Mtambaswala

Lami nzuri hadi Mangaka. Pale njia panda moja inakwenda Tunduru, nyingine inashuka Mtambaswala, kilomita sitini na kitu, lami pia. Jazeni mafuta Masasi au Mangaka. Dizeli yetu ya safari nzima ilikuwa lita 80, kila lita 3,100 na kitu, jumla kama 250,000.

Wapo wanaouliza juu ya njia ya Kilambo, karibu na Mtwara mjini, ya kuvuka kwa pantoni hadi Namoto. Ile inaelekea Palma na Mocímboa da Praia, ambako vita vilianzia, na hata upande wetu kijiji cha Kitaya kilishambuliwa Oktoba 2020. Kwa gari jipya linalokwenda Mueda, mimi simshauri mtu apite huko. Hata Mtambaswala mtaulizwa maswali mengi na watu wa usalama. Jibuni kwa utulivu, wana sababu.

Saa tano asubuhi tulikuwa forodhani. Uhamiaji walimaliza kwa dakika kumi. Afisa wa forodha, mdada mpole mwenye miwani, alitoka na T1, akainama na kumulika kwa tochi ya simu pale namba ilipogongwa kwenye chuma. Akasoma. Akasoma tena karatasi. Akaniita nione kwa macho yangu. Kwenye chuma: KDH206. Kwenye T1: KDH200. Sita moja, ambayo mtu wa ofisi ya wakala kule Dar aliiandika sifuri, na mimi niliyeuza spea za Hiace miaka kumi na mbili, ninayejua kwamba 200 na 206 ni magari mawili tofauti, niliikunja nikaiweka mfukoni.

"Kaka, gari hili kwenye mfumo halipo," akasema. "Lililopo ni jingine." Alikuwa sahihi. Akipitisha gari lisilolingana na karatasi, dhamana haifungwi, na mwingine angeweza kuvusha gari la wizi kwa karatasi ya gari halali. Marekebisho lazima yaanzie kwa wakala, Dar, na ilikuwa Jumamosi. Nilipiga simu mara kumi na tisa. Ya ishirini ikapokelewa: "Jumatatu asubuhi, bosi." Hakuomba radhi.

Kwa hiyo nawaambia kwa moyo wangu wote: kabla ya kuondoka Dar, mtu mmoja asome namba kwenye chuma kwa sauti, herufi moja moja, mwingine aifuate kwa kidole kwenye T1, kwenye bima na kwenye hati ya mauzo. Kisha mbadilishane, msome tena. Dakika tano.

Jumamosi usiku na Jumapili, 14 Julai. Mtambaswala

Gari halikuweza kurudi wala kwenda mbele. Dereva alikuwa na kazi nyingine Dar, nikamlipa fedha yake yote, akapanda Noah ya jioni. Tulibaki wawili. Mama mmoja anayeuza chakula jirani na kituo alituona tukihesabu noti, akasema gesti ya nini wakati yeye ana chumba cha mwanawe aliye Mtwara shuleni. Alitupa mkeka, godoro, chandarua na blanketi, maana usiku wa Julai kando ya Ruvuma una baridi ya kuingia mifupani. Zamu kwa zamu mmoja wetu alilala kwenye gari.

Jumapili nzima tulikaa chini ya mwembe wake. Mto ulikuwa umepungua, mchanga mpana mweupe, maji yamejigawa mikondo. Wanawake walifua nguo upande huu na upande ule, wakisalimiana kwa kupaza sauti. Mama wa chakula alituonya tusioge, mamba wapo. Dada yake mkubwa ameolewa Negomano. Zamani walionana kwa mtumbwi, kiangazi kwa miguu, masika hawaonani kabisa. Daraja lilipofunguliwa Mei 2010, yeye alikuwa na mimba ya huyo mwanawe wa Mtwara, akatembea mita zote 720 kwenda na kurudi siku ile ile ili akamwonyeshe dada tumbo.

Chakula kilikuwa ugali wa muhogo na kambale, 2,500 sahani. Mara ya tatu shemeji alipotaka kulipia malazi, mama yule alikasirika kweli kweli, akaondoka na vyombo vyake. Tukaacha.

Ile ndoo ya kijani ilikaa chumbani kwetu. Jumapili usiku njaa ilituuma, mgahawa umefungwa. Nikasema tuonje korosho mbili tatu. Shemeji aliivuta ndoo upande wake. "Hii si yetu," akasema.

Jumatatu, 15 Julai. Kuvuka

Saa nne na robo yule mdada wa forodha alitoka mwenyewe hadi chini ya mwembe kutuita. Marekebisho yameingia. Akakagua upya kila kitu, akiwa na karatasi mpya, akafunua na ndoo. "Na hii?" Shemeji akajibu, "Ya mke wangu, imetoka kwa mama yake." Akafunika taratibu, akagonga muhuri.

Nilivuka naye, shemeji akiendesha. Mtanzania hahitaji viza kuingia Msumbiji, pasipoti inatosha. Juu ya daraja hakusema neno. Alishika usukani kwa mikono miwili, mwendo wa mtu anayetembea, kioo kimeshushwa.

Negomano alikuwa anasubiriwa na despachante wake, ndiye wakala wao, tangu Jumamosi. Huko nako kuna ushuru na IVA, ile VAT yao, asilimia 16, na hatua zote zinakwenda kwa Kireno. Anayenunua gari Dar awe amekwisha kuzungumza na despachante kabla hajanunua, wala si baada. Saa tisa shemeji aliruhusiwa kuondoka kuelekea Mueda. Tulikumbatiana, akawasha, nikaona vumbi jekundu likifunga nyuma yake.

Nilirudi darajani kwa bodaboda, kisha nikavuka kwa miguu. Nilimkuta mama wa chakula anachambua mboga, nikamwachia vocha ya simu ampigie dada yake, hiyo aliipokea. Noah ya mwisho hadi Mangaka, basi dogo hadi nyumbani, saa nne usiku.

Baada ya hapo

Tarehe 19 wakala alinitumia ujumbe kwamba dhamana imefungwa. Nilimwomba karatasi, akatuma picha yake siku nne baadaye baada ya kumkumbusha mara tatu. Msikubali maneno matupu hapa. Hiyo karatasi ndiyo ushahidi kwamba gari lilitoka, nami yangu nimeibandika ndani ya daftari.

Jumamosi ya tarehe 3 Agosti mama alikuwa stendi ya Masasi tangu saa sita mchana, ingawa nilimwambia Noah za Mangaka haziingii kabla ya saa tisa. Dada alikuwa ameletwa na mumewe kwa Hiace hadi Negomano, kiti cha kwanza nyuma ya dereva, kisha akavuka na kupanda usafiri wa upande wetu. Alishuka wa mwisho. Mkono mmoja alimshika mtoto ambaye mama alikuwa hajamwona tangu azaliwe, na mwingine alibeba ndoo ile ile ya kijani, imejaa njugu mawe mpaka mfuniko haufungi.